Mpaka Niliouchora Mchangani

Wiki iliyopita mwanangu alirudi kutoka shule na mchanga ndani ya soksi. Nilimvua moja nikaikung'uta mlangoni, hapa mjini Rwamishenye ninapoishi, na ile harufu ikanipanda puani kabla sijajizuia: mchanga wa ziwa ulioanikiwa dagaa, jua, na magamba. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema, kwa furaha yote aliyonayo, kwamba mwalimu aliwapeleka ufukweni kusomea huko na kwamba watakuwa wanakwenda mara kwa mara. Nikafoka. Nilimfokea mtoto wa darasa la tatu kwa kosa la kufundishwa. Akakunja midomo, akaenda kukaa nyuma ya nyumba na soksi moja mguuni, na mimi nikabaki mlangoni nimeshika ile nyingine, najiona mjinga na mwenye hatia.

Hasira ile haikuwa yake. Ninaandika haya kwa sababu najua ilikuwa ya nani, na nimechoka kumtunzia mwenyewe.

Kama ulisoma shule ya msingi ya serikali miaka yetu, sina haja ya kukueleza mengi. Tulibanana kwenye madawati mpaka anayeandika kwa mkono wa kushoto akawa adui wa dawati zima. Kwa hiyo upepo wa ziwa ulipong'oa bati za darasa letu na kuzitupa kwenye migomba ya watu, hatukulia. Tulishangilia, tukidhani shule imefungwa. Haikufungwa. Tulisomea kati ya kuta zisizo na paa, jua likitupiga utosini, mvua ikija tunakimbilia kwa darasa la tano nao wanatusukuma nje.

Kijiji chetu kiko upande wa Muleba, juu ya mteremko. Migomba na kahawa juu, ziwa chini, na katikati njia ya miguu yenye mawe ambayo mtoto anaishuka kwa kukimbia na kuipanda kwa kulalamika. Chini kabisa pana mchanga, na juu ya mchanga kina mama huanika dagaa. Mwalimu wetu, Mwalimu Jovina, binti mwembamba kutoka Rubya mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alishuka siku moja peke yake kuzungumza na wale kina mama. Tatizo lao lilikuwa ndege. Yangeyange na kunguru walikuwa wakila dagaa kama waliowavua wao. Mwalimu akawaambia, nipeni kipande cha mchanga, watoto wangu watawafukuzia ndege. Wakakubaliana hapo hapo.

Basi tukawa na darasa ambalo hakuna shule ya mjini iliyokuwa nalo. Kila asubuhi tulishuka tukiwa mstari mmoja. Mwalimu alifunga kamba kati ya vigingi viwili, na ole wake atakayevuka kamba kuelekea majini, huyo alirudishwa juu kukaa mlangoni kwa mwalimu mkuu mpaka saa ya kutoka. Upande wa huku wa kamba kila kitu kilikuwa daftari. Tuliandika herufi kubwa kwa vijiti, tukafuta kwa miguu, tukaandika tena. Tulijumlisha kwa makombe ya konokono. Siku alipotufundisha rasi na ghuba, hakuchora ubaoni, kwanza ubao ulikuwa juu. Alichimba mchanga kwa mikono, akayaacha maji yaingie, akasema, "Hii ni ghuba. Aliyekaa na miguu ndani ya ghuba aitoe." Mpaka leo nikisikia neno ghuba naona vidole vya miguu.

Nao kina mama wa dagaa walijibu maswali kabla yetu.

"Mwalimu, leo ni kugawanya?"

"Ni kugawanya, mama."

"Utugawie na sisi hao dagaa, tajiri amechukua wote."

Wakicheka, tulicheka. Kulikuwa na zamu ya kufukuza ndege, na zamu hiyo tuliigombania kuliko mpira. Unakimbia katikati ya dagaa wanaometameta, mikono juu, unapiga kelele halali, ya serikali. Nilirudi nyumbani na mchanga kwenye nywele, masikioni, ndani ya chupi, na Mama akasema anasomesha kuku.

Mmoja wa wale kina mama alikuwa Ma Paskazia, jirani yetu. Kibanja chake, yaani shamba lake la migomba na kahawa, na chetu viligusana. Mumewe alikuwa amefariki kabla ya mvua za mwaka ule, na alipofariki yeye akashuka ziwani kuanika dagaa wa watu wengine, maana kahawa inavunwa kwa msimu na watoto wanakula kila siku. Binti yake, Editha, alikaa nami dawati moja tulipokuwa na madawati. Alikuwa mwembamba, mbishi, anayejua kupiga mluzi kwa vidole viwili. Nilimpenda kwa namna ile ya watoto, ya kugawana muwa na kununiana kabla muwa haujaisha.

Sasa inabidi nieleze kuhusu omulamula. Wa kwetu wanaujua. Ni mmea wa majani marefu, mgumu kufa, unaukata leo na kesho unachipua. Sisi hatujengi ukuta kati ya kibanja na kibanja, tunapanda omulamula, na ulipo mmea ndipo ubishi unapokwisha. Mtu akisema hapa ni kwangu, anaonyeshwa mmea. Mtu mzima yeyote wa kwetu anajua maana ya kuugusa. Lakini mimi nilikuwa wa darasa la tatu, na kwangu yale yalikuwa majani yaliyopangwa mstari, mazuri ya kusukia.

Asubuhi moja kabla ya shule, wakati ukungu bado umelala kwenye migomba, Baba aliniamsha. Aliniambia nije nimshikie. Tulikwenda mpaka mwisho wa kibanja, upande wa kina Editha, na Baba akaanza kuchimba ile mimea, mmoja mmoja, pamoja na udongo wake, kwa uangalifu kama anayetoa yai chini ya kuku. Tukaihamisha ng'ambo, kupita miti kadhaa ya kahawa, na kuipanda upya. Kazi yangu ilikuwa kuushika mmea usimame wima wakati yeye anakanyaga udongo kwa kisigino.

Nilimuuliza kwa nini tunaihamisha.

"Ardhi ya pale imechoka," alisema. "Tunaipumzisha."

Ilikuwa na maana. Nilishamwona akihamisha miche ya kahawa kutoka kitaluni, na mimi mwenyewe nilishahamishwa kitanda mdogo wangu alipozaliwa. Vitu huhamishwa. Mzee mmoja alipita njiani na jembe begani, akasimama. "Ta Deo, leo umepata msaidizi." Baba akaniwekea mkono kichwani. "Huyu ndiye mkulima wangu," akasema, na mzee akacheka, akaenda zake. Nilivimba kifua mpaka shuleni. Yale mashimo ya zamani Baba aliyafukia na juu yake akapanda maharage, na maharage yakaota, na mimi nikaona kweli ardhi imepumzika.

Ndipo likaja somo la ramani.

Mwalimu Jovina alisema ramani ni kuona kwenu kama ndege anavyokuona akipita. Alitutaka kila mmoja achore kwao mchangani: mawe yawe nyumba, vipande vya majani ya mgomba viwe shamba, vijiti viwe miti. Akatupanga kwa ujirani, anayepakana na mwenzake akae naye, ili mwisho kijiji kizima kilale pale kwenye mchanga. Wazo zuri. Hata leo, kwa hasira zangu zote, nasema lilikuwa wazo zuri. Akasema pia kwamba ramani haitakiwi kuficha kitu, kwa sababu ukiacha kitu, mgeni anayeifuata atapotea.

Hilo la mgeni kupotea lilinishika. Nilimwona huyo mgeni. Nilimwona ana begi.

Mimi na Editha tulikaa bega kwa bega. Nilipanga nyumba yetu, jiko, choo, mgomba wa Bibi. Kisha nikafika mpakani nikapanda vijiti vyangu, na Editha akavitazama.

"Umeingia kwetu."

"Sijaingia."

"Umeingia. Hiyo mikahawa ni yetu. Ule wenye matawi mawili Baba alikuwa ananikalisha pale."

"Mpaka uko hapa, nimeupanda mimi."

"Muongo wewe. Mwalimu, huyu anakula shamba letu."

Watoto wakakusanyika, kwa sababu ugomvi ni somo linalopendwa na wote. Mwalimu akaja. Nami, nikiona naitwa muongo mbele ya darasa, na nikimkumbuka yule mgeni mwenye begi, nikafanya kazi bora kabisa ya maisha yangu ya shule. Nilichukua makombe ya konokono nikayapanga mstari wa pili, pale vijiti vya Editha vilipokuwa, nikaeleza kwa sauti ya kusoma shairi: "Makombe ni mashimo. Omulamula ulikuwa hapa zamani. Halafu Baba akauhamisha ukaenda pale kwenye vijiti, kwa sababu ardhi ilikuwa imechoka. Mimi ndiye niliyeshika."

Watoto wale wakubwa kidogo wakatazamana. Kisha mmoja akacheka chinichini, pumzi ikimtoka puani. Nikadhani anacheka makombe.

Ma Paskazia alikuwa amesogea. Sikumwona akija. Alisimama na mikono yake imefunikwa magamba, mbali kidogo na mwili kama mtu asiyetaka kuchafua nguo, akaitazama ramani. Hakupaza sauti.

"Rudia, mwana wange," aliniambia. "Ilikuwa wapi?"

Nikarudia. Nikamwonyesha kombe kwa kombe. Nilifurahi kwamba mtu mzima anasikiliza vizuri hivyo.

"Na walikuwa wakiniambia ni msiba," alisema, si kwangu, kwa kina mama wenzake waliokuwa wameacha kuchambua dagaa. "Nikisema shamba limepungua, wananiambia, Ma Paskazia, umefiwa, kichwa hakijatulia. Nikapima kwa miguu mpaka nikajiona kweli nimechanganyikiwa."

Mwalimu Jovina alikuwa ameelewa. Nilimwona akigeuka rangi, na nikadhani anaumwa. Alipiga makofi, akasema watoto tufute, tuimbe. Hakuna aliyefuta. "Mama," alisema taratibu, "hili ni somo tu."

"Najua, mwalimu," akasema Ma Paskazia. "Na mimi nimesoma."

Nilipanda mteremko siku ile nikiimba. Nataka mnielewe vizuri hapo, kwa sababu hapo ndipo ninapoumia. Nilipanda nikiimba, nimefaulu ramani, nina habari ya kumweleza Baba kwamba nimemtaja.

Habari ilikuwa imenitangulia. Mama alikuwa jikoni, amekaa na ndizi mapajani, kisu mkononi, hamenyi. Baba alikuwa amesimama. Aliniuliza nilichora nini, nikamweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyomshuka. Hakunipiga. Laiti angenipiga ningelia, yakaisha. Alitoka nje. Mama ndiye aliyesema.

"Umetuvua nguo mbele ya watu."

Sikujua nguo gani. Nilijitazama nilivyovaa.

"Mtoto wa kuzaa mwenyewe," akasema tena. "Adui tumemnyonyesha."

Kuanzia siku ile nilikuwa na kosa bila kujua ni lipi. Mtoto akipewa kosa lisilo na jina, analitafutia. Mimi nilitafuta nikapata: kwamba ardhi ilikuwa ya kwetu kwa haki mpaka nilipoweka makombe, na makombe ndiyo yaliyoihamisha. Nilidhani ramani inafanya. Nilidhani nilichokichora mchangani kilikuwa kinatokea juu kwenye kibanja, kwamba ningepanga makombe mbali zaidi tungelala nje. Usicheke. Nilitoroka siku moja nikashuka peke yangu nikachora upya, vijiti tu, bila makombe, nikaupanga mpaka wetu mpana, nikakaa kuulinda. Wimbi halikufika pale. Mbwa ndiye aliyeukanyaga, nami nikarudi nyumbani mbio.

Kesi ikaanza. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na majirani wengine, wakakaa uani kwetu. Baba alikuwa na maneno siku ile. "Mnakuja kunihukumu kwa mchanga?" aliwauliza. "Mtoto amechezea mchanga, mnaniletea baraza?" Baadhi walimwunga mkono, si kwa sababu walimwamini, bali kwa sababu walijikumbuka wao na mipaka yao. Hilo nimelielewa ukubwani. Wakati ule nilisikia tu sauti za wanaume zikikasirika juu ya mwalimu. "Leo anachora mipaka," mmoja alisema, "kesho watoto watachora vitanda vyetu." Wengine walicheka, lakini walikubali. Habari ikaenda shuleni kwamba wazazi hawataki watoto washushwe ziwani, kuna viboko, kuna maji, kuna hatari. Viboko. Tulikuwa tumeshuka kule siku nyingi na hatari pekee tuliyoiona ilikuwa kunguru.

Tukarudi kwenye kuta zisizo na paa. Darasa zima lilinijua mimi ndiye sababu. "Wewe ndiye uliyetufungia ziwa," waliniambia kila jua lilipokuwa kali, na lilikuwa kali kila siku. Walinipa nafasi ya kukaa upande usio na kivuli. Mwalimu Jovina hakunisema. Alipita kati yetu na chaki yake, amepoa, anasoma kitabuni rasi ni nini. Muhula uliofuata hakuwepo, alihamishwa. Inawezekana aliomba mwenyewe, inawezekana alikuwa ameposwa, walimu huhama kwa sababu mia. Mimi nilihesabu sababu moja. Editha naye, ambaye ungedhani angenishukuru, alikatazwa na mama zetu wote wawili, kwa wakati mmoja, kucheza nami. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka ule.

Baba alishikilia mchanga wake mpaka mzee yule mwenye jembe, aliyetuona asubuhi ile, alipoulizwa na mwenyekiti akasema, kwa shida, ndiyo, aliwaona baba na mwana wakipanda, akadhani ni maua. Hapo Baba akakosa pa kukanyaga. Akasema sawa, mimea irudishwe, ila nani anajua ilikuwa wapi? Marehemu hayupo. Mashimo yamefukiwa. Mjane mwenyewe anapima kwa miguu.

"Mtoto anajua," mwenyekiti akasema.

Nililetwa. Nilikuwa na sare, ndiyo nguo nzuri niliyokuwa nayo. Watu walisimama pande mbili, kwetu na kwa kina Editha, na katikati yale maharage yenye afya. Ma Paskazia alikuwa ameshika vidole vyake mwenyewe. Kwake haikuwa hadithi wala somo, mikahawa ile ndiyo ilikuwa sukari, sabuni, na daftari la Editha, na akikosa pale angerudi kuambiwa ni msiba. Nililijua hilo? Sikulijua. Nilijua tu kwamba Mama amenitazama mara moja kisha akatazama migomba.

Nikaanza. Wa kwanza ulikuwa karibu na jiwe, nikaonyesha. Baba, nyuma yangu, akachimba na kupanda. Wa pili, kwenye kisiki. Akapanda. Nikaendelea hivyo, mimi mbele na kidole, baba yangu nyuma na jembe, mbele ya kijiji, na sikuthubutu kugeuka kwa sababu nilisikia pumzi yake. Kisha nikafika mahali maharage yameziba kila kitu. Hapakuwa na jiwe wala kisiki. Nilisimama. Nilirudi nyuma, nikasogea kando, nikasimama tena. Watu walingoja. Mtu akasema, "Ameanza kutunga."

Nikasikia kiganja cha Baba shingoni, kizito, chenye udongo. Kilinisukuma mbele, kuelekea upande wetu, kupita nilipokuwa nimesimama.

"Mbele kidogo," alisema, chini kwa chini. "Hapo."

Nikaonyesha hapo. Ma Paskazia akavuta pumzi, kwa sababu palikuwa penyewe, alipatambua kwa mkahawa wenye matawi mawili uliosimama sawa sawa mkabala. Baba akapanda, akakanyaga kwa kisigino. Tukamaliza mstari hivyo, kiganja chake kikinielekeza kila niliposita, na mwenyekiti akasema imekwisha. Wazee walipewa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo kwetu watu wakipatana, nao Baba na Ma Paskazia wakatafuna kutoka kikapu kimoja bila kutazamana.

Shamba lilirudi. Lipo mpaka leo, Editha amejenga hapo. Na mimi nililibeba jambo moja nikalipenda kuliko yote: kwamba Baba alinisaidia. Nilikuwa nimemharibia, nimemwaibisha, na bado aliponiona nimekwama alininyooshea mkono. Miaka yote ya shule, hadi sekondari, nilimlipa fadhila ya mkono ule. Sikujibu nilipofokewa. Sikukataa nilipoambiwa ada yangu isubiri ya kaka zangu. Mama alipowaambia wageni, kwa mzaha, huyu ndiye aliyetuuza, nilicheka pamoja na wageni. Nilijua nina deni la upole wa baba yangu.

Kisha nikazaa. Kisha mtoto akakua, akaingia darasa la tatu, na wiki iliyopita nikamwona amekaa nyuma ya nyumba na soksi moja, magoti yamekutana, akitafuta kosa lake. Nikaona jinsi mtoto wa darasa la tatu alivyo mdogo. Shingo yake inaenea kwenye kiganja kimoja. Na nikaielewa ile asubuhi ya ukungu: mwanaume akionekana peke yake mpakani na jembe ni mwizi, akionekana na binti yake ni baba anayepanda maua. Nikakielewa pia kile kiganja. Kilijua.

Nilimwomba mwanangu msamaha, nikamwambia ziwa aende. Jumamosi nikapanda gari kwenda nyumbani.

Baba amezeeka. Nilimkuta ameketi uani anachambua kahawa kwenye ungo, anatupa mbovu kwa kidole. Nilimpigia magoti, nikamsalimu, nikakaa kwenye mkeka. Alitaka habari za mjini, nikampa. Kisha nikauliza kabla sijaogopa.

"Baba, ile siku ya kurudisha mpaka. Ulikuwa unajua mashimo yalipokuwa."

Kidole kikasimama kwenye ungo. "Nilijua."

"Yote."

"Si niliyafukia mimi."

"Kwa nini basi hukuonyesha mwenyewe? Kwa nini mlinileta mimi?"

Alifikiri kweli. Sisemi alijitetea, alifikiri. "Watu walikuwa wengi," alisema. "Mtu mzima anaanzia wapi kuonyesha mbele ya watu wote wale?"

"Nami nilianzia wapi?"

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema kwa upole ule ule. "Mtoto hana aibu."

Aliamini. Nilimtazama usoni nikaona anaamini, kwamba miaka yote hii amekuwa akifikiri nilipita katikati ya watu wale mikono mitupu.

"Aibu nilikuwa nayo, Baba," nikamwambia. "Ninayo mpaka leo. Ni yako."

Alitazama ungo, akatazama migomba, kama mtu anayetafuta jiwe au kisiki cha kumwonyesha pa kuanzia. Nilikaa pale kwenye mkeka, mikono mapajani, na safari hii sikumtafutia.